Daftari la Kompyuta na Mkono wa Fundi wa Ndege

(Haya ni maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa mafundi wa ndege, makarani wa stoo na wasaidizi wao. Tumeyapiga chapa ili wenzetu waliokuwa kazini siku ile nao wayasome.)



Wengi wenu mmetuuliza swali moja: hizi programu za kompyuta ambazo matajiri wanazileta katika mahangari na mastoo, je, ni msaada kwetu au ni nyapara mpya? Halmashauri yenu imelifikiri jambo hili, na leo twawaletea jibu letu.

Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Katika kazi yetu sisi, daftari likipotea si mali peke yake inayopotea. Watu nao hupotea. Kwa sababu hiyo hatuwezi kusimama hapa na kusema kwamba daftari zuri ni adui wa mfanyakazi.

Fundi wa gari akinunua bolti katika duka la Kirinyaga Road, Nairobi, akaona inaingia sawasawa, kazi yake imekwisha. Kwetu sivyo. Kipuri cha ndege kina namba ya aina yake, na vingi vina namba ya pekee inayotofautisha kimoja na kingine. Tena kije na hati iliyotiwa sahihi na mtu mwenye mamlaka. Ulaya hati hiyo huitwa EASA Form 1, na Marekani huitwa FAA 8130-3. Kipuri kisicho na hati ni chuma tu, hata kikimetameta.

Wala hesabu haiishii hapo. Sahani kubwa zinazozunguka ndani ya injini huhesabiwa safari moja moja, kuruka na kutua. Hesabu ikitimia huondolewa, hata ikiwa jicho halioni ufa wowote. Mipira ya kuzuia mafuta yasivuje, na gundi nyingi, zina tarehe ya mwisho hata zikikaa rafuni bila kuguswa. Hata spana ya kupimia nguvu ya kukaza bolti hupelekwa kupimwa kwa muda wake.

Zamani haya yote yalikaa katika vitabu na kadi. Siku hizi zipo programu zilizotengenezwa kwa kazi hii tu, kama AMOS ya Uswisi, na TRAX na Quantum Control za Marekani. Kipuri kikifika mlangoni mwa stoo, karani huandika namba zake na kuiweka picha ya hati yake. Kikiwa na shaka huwekwa kando, na programu haikubali kitolewe. Fundi akipewa kadi ya kazi, namba ya kipuri kinachotakiwa imo. Kikifungwa katika ndege, programu hushika habari ya ndege gani, siku gani, na sahihi ya nani. Tarehe ya ukaguzi ikikaribia, hutoa onyo. Na upande wa biashara, huonyesha bei ya kipuri, saa zilizotumika katika kazi, na deni analodaiwa mteja. Ndege ikiwa imekwama chini hailetei mwenyewe hata senti moja, basi kujua mara moja kama kipuri kipo au hakipo ni faida kwa wote.

Hiyo ndiyo sifa yake, na twaisema waziwazi. Sasa tusikilize upande wa pili.

Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways aina ya BAC One-Eleven iliondoka Birmingham, Uingereza, kwenda Málaga, Hispania. Ilipofika juu kiasi cha futi 17,300, kioo kimoja cha mbele kiling'oka. Upepo ukamvuta rubani mkuu nje mpaka kiunoni. Watumishi wa ndege wakamshika miguu, na rubani msaidizi akaishusha ndege Southampton. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyekufa, wala rubani yule hakufa.

Wachunguzi walitazama nini? Walitazama bolti. Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa usiku, kabla ya safari hiyo, na kilifungwa kwa bolti 90. Katika hizo, 84 zilikuwa nyembamba kuliko ilivyotakiwa, na 6 zilizobaki zilikuwa fupi. Msimamizi wa zamu alifanya kazi ile kwa mikono yake mwenyewe, maana watu walikuwa wachache. Hakutazama kitabu cha vipuri. Alichukua bolti ya zamani akatafuta zinazofanana nayo. Karani wa stoo alimtajia namba iliyokuwa sawa, lakini neno lake halikufuatwa. Bolti zikachukuliwa katika stoo nyingine isiyokuwa na karani, penye mwanga hafifu.

Ndugu, lifikirini jambo hili. Namba ya kweli ilikuwamo kitabuni, na ilikuwamo kinywani mwa karani. Kilichokosekana ni watu wa kutosha, wakati wa kutosha, na heshima kwa neno la mtu wa stoo. Kompyuta haiwezi kuvileta vitu hivyo vitatu. Ni tajiri anayeweza kuvileta, na ni chama kinachoweza kuvidai.

Na tusidhani kwamba hayo ni ya zamani. Mwaka 2023 iligunduliwa kwamba kampuni moja ya London, AOG Technics, ilikuwa imeuza vipuri kwa hati za uongo, vingi vikiwa vya injini za CFM56. Injini hizo hutumika katika ndege za Boeing 737 na Airbus A320. Hati zile zilipita katika makampuni mengi yenye kompyuta nzuri sana, kwa maana kompyuta huona namba na sahihi, nazo zilikuwapo. Walioshtuka ni mafundi wa TAP, shirika la ndege la Ureno. Walishika kipuri kidogo kilichoandikwa kuwa kipya, wakaona kina dalili za kutumika. Wakauliza. Watengenezaji wakajibu kwamba sahihi ile haikuwa yao. Jicho la fundi ndilo lililofanya kazi.

Basi jibu letu ni hili. Programu ni daftari. Daftari husema lile lililoandikwa na mkono, na mkono huo ni wako. Kwa hiyo chama hakitaikataa programu, lakini kitadai mambo haya matano katika mapatano yetu na matajiri:

1. Kila mtu awe na jina lake na neno lake la siri. Tumeona mahali ambapo zamu nzima hutumia neno moja la siri. Kesho kosa likitokea, ataulizwa yule mwenye jina, hata kama alikuwa nyumbani amelala.

2. Wakati wa kuandika katika kompyuta uhesabiwe kuwa wakati wa kazi. Fundi asiambiwe afunge kazi saa kumi na moja, kisha akae bila malipo kuandika mpaka saa moja.

3. Mafunzo yawe kwa wote, pamoja na makarani wa stoo na wasaidizi, si kwa maofisa tu.

4. Saa zinazoandikwa kwa ajili ya bei ya kazi zisigeuzwe kuwa kiboko cha kuwaharakisha watu. Sheria ya Kenya ya kulinda habari za watu, ya mwaka 2019, inampa kila mtu haki ya kuelezwa habari zake zinatumiwaje, kuziona, na kudai za uongo zisahihishwe. Nayo Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inatupa haki ya kupatana na tajiri kwa pamoja. Tuzitumie haki hizo.

5. Karani au fundi akikikataa kipuri kwa sababu ya shaka, asiadhibiwe, hata kama ndege inangoja na mteja anapiga simu.

Lakini, ndugu zetu, nasi tuna deni. Hatuwezi kudai heshima ya mkono wetu huku mkono huo ukiandika uongo. Usitie alama kwamba umekagua kitu ambacho hukukagua. Usimpe mwenzako neno lako la siri, hata kama ni rafiki yako wa miaka mingi. Msimamizi akikuambia, "Weka sahihi kwanza, tutaangalia baadaye," mjibu kwa adabu kwamba huwezi, kisha umwambie mjumbe wako wa chama siku ile ile. Chama kitasimama nawe. Lakini ukiisha kutia sahihi, hata chama hakina njia ya kuifuta.

Msafiri anayepanda ndege hatujui majina yetu, wala hataona kompyuta yetu. Ameketi kwenye kiti chake na watoto wake, anaamini kwamba kila bolti ni ile iliyoandikwa. Amana hiyo tumeishika sisi.

Wajumbe watapita katika mahangari na mastoo kukusanya maoni yenu juu ya mambo haya matano. Msinyamaze. Semeni yaliyo kweli, nasi tutayapeleka mezani.

Umoja ni nguvu.