Mnyoo Atoboaye Nyumba ya Kombe

Katika bahari ya baridi ya Norway hukaa kombe wa magamba mawili, yenye mifuo iliyotanda kama vidole. Wapiga mbizi humwokota chini, na watu hula mnofu ufungao magamba yake.

Adui yake ni mnyoo mwembamba, aitwaye Polidora. Huyu hali nyama ya kombe, ila hutoboa gamba kwa maji makali yatokayo mwilini mwake, akakaa humo. Tundu lipenyapo ndani, kombe hujenga ukuta mpya kuliziba. Nguvu zake huishia katika kujenga, na mnofu hudhoofika. Mvuvi afunguapo gamba huona uvimbe wa tope, na nyama haba.

Mpangaji huyu haibi chakula. Lakini ukuta aubomoao, mwenye nyumba huulipia kwa mwili wake.