Miguu ya Mbwa na Funza
(Hotuba iliyosomwa Rwamishenye, Bukoba)



Leo nataka kunena habari ya miguu ya mbwa. Najua wako watakaocheka na kuuliza, "Mbwa naye ana nini hata ahutubiwe?" Lakini nawaomba mnisikilize, maana jambo hili laanza kwa mbwa na kuishia kwa watoto wetu.

Adui mwenyewe ni funza. Huyu si mwenyeji wa nchi hizi. Yasemekana alikuja ndani ya mchanga wa meli moja iliyotoka Brazili, ikatia nanga Ambriz, pwani ya Angola, mwaka 1872. Akafuata njia za misafara miguuni mwa wapagazi, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amekwisha vuka bara lote hata pwani ya mashariki. Msafiri Oscar Baumann, alipopita Uzinza, kusini yetu, mwaka 1892, aliona watu walioharibika viungo kwa ajili yake.

Funza jike apenyapo hatambulikani, kwa kuwa ni mdogo mno, kama milimeta 1 tu. Baada ya siku chache huvimba hata akawa kama njegere, mweupe, mwenye kitone cheusi katikati. Hapo humwaga mayai mamia katika vumbi, na baada ya majuma 3 au zaidi hutokea funza wapya. Basi, mtu akimtoa mtoto wake funza jioni, na mbwa amelala karibu ya meko miguu imejaa, kazi yake ni kuteka maji kwa pakacha. Wataalamu waliochunguza vijiji vya Bugiri, katika Busoga ya Uganda, waliwakuta funza katika nguruwe, mbwa na mbuzi. Na penye wanyama wengi wenye funza, ndipo na watu waliposumbuka zaidi.

Dalili ni hizi: mbwa huchechemea, hulamba miguu mchana kutwa, vidole huvimba, na usaha hutoka kandokando ya kucha. Aonekanapo hivyo, afanyiwe kama hivi.

Kwanza, afungwe mdomo kwa kitambaa laini, pasipo kumziba pua, maana mbwa mwenye maumivu humwuma hata bwana wake. Ikiwa tabia yake imegeuka, anatoka mate na kuuma ovyo, asiguswe kabisa. Huenda ni kichaa, na habari ipelekwe upesi kwa mganga wa mifugo.

Pili, miguu ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikaushwe, na kila nafasi kati ya vidole itazamwe.

Tatu, funza watolewe kwa sindano iliyochemshwa, wazima, pasipo kuwapasua. Kisha wachomwe motoni. Sindano hiyo isitumiwe kwa mtu. Kidonda kisafishwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, kifungwe kwa kitambaa safi, na kitambaa kibadilishwe kila siku. Wakiwa wengi mno, au usaha ukizidi, mbwa akakataa chakula, apelekwe kwa mganga wa mifugo. Iko dawa ya mafuta iitwayo dimetikoni, ambayo huwaua funza kwa kuwaziba pumzi bila kuwachokonoa. Na aulizwe mganga kama yafaa kwa mbwa huyo.

Wako wamwagao mafuta ya taa au dawa ya kuogeshea ng'ombe juu ya vidonda. Desturi hiyo ni mbaya, kwa maana mbwa huilamba akadhurika.

Lakini kumtibu mbwa na kumrudisha katika vumbi lile lile ni bure. Nyasi kuukuu za sakafuni zitolewe na kuchomwa. Sakafu inyunyiziwe maji, ifagiwe, na kukandikwa vizuri. Mbwa apewe mahali pake pa kulala nje, pakavu, pa kufagiwa kila siku. Watoto nao waoshwe miguu jioni, wavae viatu wenye navyo.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mtoto mwenye funza hawezi kwenda shuleni, na kidonda chake ni mlango wa pepopunda. Kwa hiyo nawasihi wazee wa kila kijiji waagize siku moja, nyumba zote pamoja, mbwa wote watazamwe miguu. Nyumba moja ikiachwa, funza watarudi katika zote.