Kinachochakaza Diski ya Kompyuta

Hotuba kwa wakazi katika mafunzo ya matumizi ya kompyuta



Hesabu za chama, barua za kuomba kazi, picha za familia, stakabadhi za shamba: siku hizi vyote huwekwa kwenye kompyuta. Kibodi ikiharibika, hununuliwa nyingine. Diski ikifa, kila kilichokuwa ndani yake huenda nayo. Ndiyo maana inafaa kila mkazi ajue kinachoichakaza.

Diski ya kawaida ni mashine yenye mota. Ndani yake mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, yaani mara 90 au 120 kila sekunde. Juu ya sahani huelea kichwa cha kusomea, kikibebwa na hewa tu. Mwanya uliopo ni mdogo mno; unywele wa binadamu ni mnene kuushinda mara maelfu. Kichwa kikigusa sahani, huikwaruza, na data ya mahali hapo hupotea.

Adui wa kwanza ni mtikisiko. Laptopu inayofanya kazi ikiangushwa, au ikitiwa kwenye begi ikiwa bado inawaka na kupakiwa kwenye bodaboda, kichwa kinaweza kugonga sahani. Izime kabisa, ngoja kidogo sahani zisimame, ndipo uibebe.

Adui wa pili ni stima kupotea ghafla. Kompyuta ikizimwa vizuri, kichwa hupelekwa taratibu mahali pake pa kupumzikia. Stima ikipotea, hurudishwa kwa haraka kwa kutumia nguvu iliyosalia katika mzunguko wa sahani. Diski imeundwa kuvumilia hayo, lakini si bila kikomo. Isitoshe, faili iliyokuwa ikiandikwa huweza kuharibika. Kwa kompyuta ya mezani, UPS, ile betri ya akiba, hutoa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima.

Adui wa tatu ni joto kali. Vumbi haliingii ndani ya diski kwa urahisi, kwa kuwa tundu lake la hewa lina kichujio. Madhara yake ni kuziba feni ya kompyuta, na joto likakosa pa kutokea. Safisha feni, wala usiweke laptopu juu ya godoro au blanketi.

Diski za SSD hazina kinachozunguka, kwa hiyo hazisumbuliwi sana na mtikisiko. Hata hivyo, nazo huchakaa, maana kuna kikomo cha mara ambazo seli zake huweza kuandikwa kabla ya kuchoka.

Je, kutumia diski sana ndiko kunakoiua? Mwaka 2007 wahandisi wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Waligundua kuwa kazi nyingi haikuhusiana sana na kufa kwa diski kama ilivyodhaniwa. Lakini diski iliyoonyesha hitilafu ya kwanza ilipokaguliwa, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na hitilafu. Nyingine zilikufa bila dalili yoyote.

Kwa hiyo, faili zikianza kuchelewa kufunguka au kukataa kabisa, nakili zilizo muhimu siku hiyo hiyo. Ukisikia diski ikigonga au kukwaruza, izime na umwone fundi. Usiifungue mwenyewe, kwani chembe moja ya vumbi inatosha kuimaliza.

Utunzaji huongeza umri wa diski, lakini hakuna diski isiyochakaa. Mweka hazina wa chama na awe na nakala mbili za hesabu zake, moja ikikaa mbali na kompyuta. Mwizi, moto na diski iliyokufa havitoi notisi.