Nyama Kidogo, Wageni Wengi: Tulivyopika Maultaschen Nyumbani

(Mazungumzo na wajumbe wa kamati za sharika na familia zinazopokea wageni)



Tumeombwa kuzungumzia chakula cha wageni. Wote tunajua linalotokea. Habari ikifika kwamba wageni wanakuja kutoka sharika rafiki za Württemberg, kusini mwa Ujerumani, mwenyeji huanza kuhesabu kilo za nyama. Wageni wakishaondoka, anabaki na deni buchani, na wao hawana habari. Kwa maoni yetu jambo hili halifai kuendelea. Ndiyo maana tulikusanyika nyumbani kwa mmoja wetu, tukajaribu kwa mara ya kwanza chakula ambacho wao wenyewe hupika ili nyama kidogo itoshe watu wengi. Kinaitwa Maultaschen: unga wa ngano uliosukumwa mwembamba, ukajazwa nyama na mboga, ukachemshwa. Anayejua kufunga sambusa hatapata shida, ila hizi huiva ndani ya supu.

Wenyeji wa huko husimulia kwamba watawa wa Maulbronn, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1147, walipata nyama wakati wa Kwaresima, wakaificha ndani ya unga na majani ili Mungu asiione. Ni hadithi tu, lakini chakula hiki kina hata jina la utani lenye maana ya vidanganya-Mungu. Sisi Walutheri tusiwacheke sana watawa hao, kwani mwaka 1556 nyumba hiyo ilifanywa shule ya Kiprotestanti, na hadi leo familia nyingi za kule hula Maultaschen siku ya Alhamisi Kuu au Ijumaa Kuu.

Sasa tuingie jikoni. Unga ni gramu 400, ule ule wa chapati, na mayai manne. Mayai ya kienyeji ni madogo, kwa hiyo tuliongeza la tano. Chumvi kidogo, kijiko cha mafuta, maji hakuna. Mwanzoni donge ni gumu na linakatisha tamaa. Kina mama wawili walipokezana kulikanda kwa dakika kumi mpaka likalainika. Kisha lifunikwe nusu saa. Msiruke hatua hii, kwa sababu donge ambalo halijapumzika hujirudi kila ukilisukuma.

Cha kujaza ni nyama ya kusaga gramu 300, mchicha uliochemshwa ukakamuliwa kwa nguvu na kukatwakatwa, mkate wa jana uliolowekwa kwenye maziwa, kitunguu kilichokaangwa, yai moja, chumvi, pilipili manga na kungumanga. Mkate na mchicha ndio unaowalisha watu. Nyama inaleta ladha. Mchicha ukibaki na maji, unga hulowa na kupasuka, kwa hiyo aukamue mwenye mikono yenye nguvu.

Mashine haihitajiki. Kibao na kifimbo cha chapati vinatosha. Sukuma hadi kivuli cha kiganja kionekane upande wa pili. Pakaa mchanganyiko nusu ya unga, lowesha kingo kwa maji, kunja, toa hewa kwa vidole, kandamiza kwa mpini wa mwiko, halafu kata vipande vya ukubwa wa kiganja. Supu isitokote kwa fujo. Punguza mkaa, ziive kwa dakika 15. Kata kimoja uone kama nyama ya ndani imeiva.

Vilitoka vipande 18, tukala watu wanane, vikabaki viwili. Kesho yake vilikatwa vipande vyembamba vikakaangwa na yai, kama wafanyavyo kule, na wengine walivipenda hivyo zaidi.

Tangu 2009 Umoja wa Ulaya unalinda jina la Maultaschen za Schwaben, hivyo zetu haziwezi kuuzwa huko kwa jina hilo. Hatukukusudia kuuza. Tunachotaka ni mgeni akae kwenye kibao pamoja na mwenyeji, akunje na kukata, na aione ile nyama yote ikiwa ndani ya bakuli moja.

Tunaomba kila kamati itakayopokea wageni ijaribu kwanza katika nyumba moja, kabla hawajafika. Anzeni saa nane mchana. Kazi ya kukunja inahitaji mwanga.