Kinga ya Majeraha kwa Wakimbiaji wa Mchakamchaka: Wajibu wa Chama na Mwanachama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kwamndolwa, Korogwe)



Yamkini wapo watakaouliza mbio zinahusiana nini na ushirika. Imekuwa desturi kwa mikutano ya vyama kuzungumzia bei za mazao, mikopo, mizani na hesabu. Jibu lake ni fupi. Chama cha ushirika hakina mtaji mkubwa kuliko nguvu za wanachama wake. Mkonge haukatwi na daftari, wala mahindi hayapaliliwi na hisa. Kazi hizo hufanywa na mtu mwenye magoti mawili mazima, na mtu huyo akilazwa wiki sita kwa sababu ya mguu, marejesho ya mkopo wake hulala pamoja naye. Tena, kanuni ya tano ya ushirika wa kimataifa inahusu elimu, mafunzo na taarifa, na kanuni ya saba inahusu kuijali jamii. Afya ya mwanachama imo ndani ya kanuni hizo mbili.

Mchakamchaka, ambao hapo zamani ulikuwa wa wanafunzi na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, sasa ni mchezo wa watu wazima pia. Vikundi vya kukimbia vimeenea mijini, na mbio za Kilimanjaro, zinazofanyika Moshi tangu mwaka 2003, huwavuta maelfu ya watu wasiokuwa wanariadha wa kazi. Mwezi Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03 tu. Habari kama hiyo humfanya mtu wa miaka arobaini avitafute viatu vyake chini ya kitanda. Jambo hilo ni jema na lisikatazwe. Linalotakiwa ni kwamba anayetoka nyumbani kwa miguu yake arudi nyumbani kwa miguu yake.

JINSI JERAHA LINAVYOINGIA

Achukuliwe, kwa mfano, mwanachama ambaye kwa miaka kumi hakukimbia ila kuwahi basi. Anasikia kwamba Jumamosi ijayo kutakuwa na mbio za kilomita 10. Anajiandikisha, kwa kuwa yeye ni mkulima mwenye nguvu, naye huamini kuwa jembe limekwisha kumfundisha mwili. Siku ya mbio anamaliza, anapigiwa makofi, anapewa fulana. Jumapili goti limevimba. Jumatatu anakandwa kwa maji ya moto. Jumatano haendi shambani. Mwezi unaofuata katibu wa chama cha akiba na mikopo anaandika jina lake katika orodha ya waliochelewesha marejesho, wala hakuna anayejua kwamba chanzo cha deni hilo kilikuwa mbio za asubuhi moja.

Mara nyingi majeraha ya mkimbiaji hayaji kwa kuanguka, bali kwa kuzidishiwa mzigo. Mfupa, msuli na kano hujijenga upya baada ya kila kazi, lakini hutaka muda. Moyo na mapafu hupata nafuu ya mazoezi katika wiki chache, hali kano na mifupa huchukua miezi. Ndiyo sababu mkimbiaji mpya hujiona ana pumzi ya kutosha, akaongeza mwendo, kumbe miguu yake haijawa tayari. Mahali panapoumia zaidi ni goti, muundi, kano ya kisigino na wayo. Na aliyekwisha kuumia mara moja yumo katika hatari zaidi ya kuumia tena kuliko yule asiyepata kuumia kamwe.

USHAURI PEKE YAKE HAUTOSHI

Siku hizi kila mwenye simu anaweza kupata maelekezo ya kukimbia kwa njia ya intaneti. Je, maelekezo hayo hukinga? Watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walilipima jambo hili kwa wakimbiaji wa kawaida 2,378 waliojiandikisha kwa mashindano ya mwaka 2017. Waligawanywa kwa kura makundi mawili. Kundi moja lilipewa mafunzo ya kinga kwa njia ya intaneti, la pili halikupewa. Matokeo yalipotangazwa, ilionekana kwamba waliopewa mafunzo na wasiopewa waliumia karibu sawasawa, takriban 37 katika kila watu 100.

Jambo hili halitamshangaza katibu yeyote anayejua kazi ya ukaguzi. Mara ngapi taarifa ya mkaguzi imesomwa mbele ya mkutano mkuu, ikapigiwa makofi, ikawekwa kabatini, na mwaka uliofuata hoja ile ile ikarudi, stakabadhi zile zile zikakosekana? Hoja ya ukaguzi haifungwi kwa kusomwa. Hufungwa pale inapokabidhiwa mtu anayetajwa kwa jina, ikapewa tarehe, na ushahidi wa utekelezaji ukaonekana. Ushauri wa mbio nao ndivyo ulivyo. Ujumbe uliotumwa katika kundi la simu la chama, ukasomwa na watu mia na kutekelezwa na watatu, haujamkinga mtu bado.

AKIBA YA SIKU THELATHINI

Hivyo basi, lipo lipi la kutekelezwa? Kwa miaka mingi wakimbiaji waliambiwa wasiongeze zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Utafiti uliofanywa Groningen, Uholanzi, na kutangazwa mwaka 2008, uliwafuata wakimbiaji wapya 532. Wale walioongezewa polepole kwa kufuata kanuni hiyo kwa wiki 13 waliumia sawa na wale walioongezewa haraka kwa wiki 8, yaani mtu mmoja katika kila watano.

Mwaka 2025 ulitangazwa utafiti mkubwa zaidi ulioongozwa na watafiti wa Denmark, uliowafuata wakimbiaji 5,205 kwa muda wa miezi 18. Uligundua kwamba jumla ya wiki siyo iliyotangulia jeraha, bali mbio moja iliyozidi kiasi. Mkimbiaji ambaye siku moja alikimbia umbali uliozidi kwa zaidi ya asilimia 10 mbio yake ndefu kuliko zote za siku 30 zilizotangulia, hatari yake ya kuumia ilipanda. Na yule aliyekimbia zaidi ya mara mbili ya umbali huo, hatari yake ilizidi maradufu.

Mwanachama wa chama cha akiba na mikopo ataielewa kanuni hii upesi kuliko mtu mwingine yeyote. Anayetaka mkopo huulizwa kwanza akiba yake. Miguu nayo ina daftari la akiba, na daftari hilo huangaliwa kwa siku 30 tu. Aliyekimbia kilomita 30 mwaka uliopita, akakaa miezi miwili bila kukimbia, hana kitu katika daftari. Mwenye akiba ya kilomita 6 asichukue zaidi ya kilomita 6 na mita 600.

Hesabu yake ni hii. Mtu anayeweza kukimbia kilomita 5 bila maumivu, akiongeza asilimia 10 katika mbio yake ndefu mara moja kwa wiki, atakwenda kilomita 5.5, kisha 6 na kidogo, kisha 6.6, 7.3, 8, 8.8, 9.7, na wiki ya nane ataivuka 10. Siku ya Ushirika Duniani huadhimishwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi Julai. Kwa hiyo chama kinachotaka kuiadhimisha kwa mbio za kilomita 10 kiwatangazie wanachama wake tangu Aprili, ili mazoezi yaanze si baada ya mwanzo wa Mei. Tangazo la wiki ya mwisho ya Juni ni mwaliko wa kuumia. Asiyeweza kilomita 5 aanze mapema zaidi, kwa kutembea na kukimbia kwa zamu, au aandaliwe mbio fupi zake.

MAMBO MENGINE YA KUZINGATIA

Kwanza, kazi ya shamba ihesabiwe. Aliyekata mkonge au kubeba magunia kutwa nzima amekwisha kuitumia miguu yake. Siku hiyo apumzike au aende mwendo mfupi wa taratibu. Msimu wa palizi si wakati wa kuongeza umbali.

Pili, kunyoosha viungo kabla ya kukimbia si kosa, lakini kusichukuliwe kuwa kinga. Wanajeshi wapya 1,538 wa Australia walijaribiwa, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba walionyoosha misuli na wasionyoosha waliumia karibu sawa. Lililo bora ni kuanza kwa kutembea, kisha kukimbia polepole mpaka mwili upate joto.

Tatu, viatu vya bei kubwa si hirizi. Kiatu kiwe kinamkaa mtu vizuri, kisimbane vidole wala kisipwaye. Asivae kiatu kipya kwa mara ya kwanza siku ya mashindano.

Nne, njia. Barabara kuu iendayo Arusha ina malori na mabasi usiku na mchana. Anayelazimika kuipita akimbie upande wa kulia, akiyaelekea magari yanayokuja. Barabara za udongo kati ya mashamba ni salama zaidi, ila mvua za masika huzichimba mashimo, na kifundo cha mguu huteguka gizani. Kusubiriwe mpaka kupambazuke, lakini kusisubiriwe jua kali, maana joto la bonde hili si mchezo.

Tano, maumivu. Uchovu wa misuli unaokwisha baada ya siku mbili ni wa kawaida. Maumivu yanayomfanya mtu achechemee, au yanayozidi kila anapokimbia, au yaliyo katika sehemu moja ya mfupa inayouma ikibonyezwa, ni amri ya kusimama na kwenda kupimwa, hata Hospitali ya Magunga. Asimeze vidonge vya kutuliza maumivu ili aendelee kukimbia. Na kiungo kilichovimba upya kisikandwe kwa maji ya moto wala kusuguliwa katika siku mbili au tatu za mwanzo. Kipumzishwe, kiwekewe kitambaa cha maji baridi, kifungwe kiasi, kiinuliwe juu. Anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu asimame mara moja na afikishwe kwa mganga.

MFANO WA AKHWARI

Hapana Mtanzania asiyemheshimu John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, lakini akaendelea mpaka mwisho. Kati ya watu 57 waliomaliza yeye alikuwa wa mwisho, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano.

Mfano huo ni wa taifa, wala usipunguziwe heshima yake. Lakini Akhwari alikuwa amevaa nembo ya nchi, mbele ya dunia nzima. Mwanachama anayekimbia Jumamosi asubuhi kwa afya yake hakutumwa na mtu. Kwake yeye kusimama siku goti linapouma si woga. Uvumilivu wake utaonekana katika kurudi polepole, wiki baada ya wiki, mpaka akiba ijae tena.

WAJIBU WA KATIBU

Chama chenye wanachama wanaokimbia kiwagawe katika vikundi vya watu watano watano wanaofahamiana. Kila kikundi kiwe na kiongozi mmoja na daftari moja lenye safu nne: tarehe, jina, umbali, na maumivu kama yapo. Kabla ya kutoka, kiongozi asome mbio ndefu ya kila mmoja katika siku 30, na pasiwe na wa kuizidi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Aliyeandikwa kuwa na maumivu atembee siku hiyo, na wenzake wamngojee bila kumcheka. Katibu atume maelekezo kwa simu, na mwisho wa mwezi ayaombe madaftari ayaone kwa macho. Daftari si dawa, lakini bila daftari hakuna atakayejua nani amezidisha mpaka awe amekwisha kulala.

Ndugu wanachama, katibu anayeweza kukitunza kitabu cha fedha anaweza pia kulitunza daftari hili. Gharama yake ni kalamu na dakika tano. Mwanachama mmoja tu akiepushwa na kukaa nyumbani msimu mzima, kalamu hiyo imekwisha kulipa gharama yake.