Amana ya Mtoto wa Bwenini

Mtoto aliyewekwa katika nyumba ya malezi ni amana, na amana hudaiwa. Qur'ani, Sura An-Nisaa aya ya 6, yamwamuru mlezi aweke mashahidi anapomkabidhi yatima mali yake. Ikiwa mali yataka mashahidi, je, mwili na heshima ya mtoto? Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ulioridhiwa na Uganda mwaka 1990, waitaja kafala katika kifungu cha 20. Cha 25 chataka hali ya mtoto huyo ikaguliwe mara kwa mara. Basi mkaguzi asihesabiwe adui, wala mtoto alalamikaye asiitwe mtovu wa adabu. Mlezi mwema haogopi shahidi.