Nani Ameziba Maji?

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kinakomba



Jana jioni tuliwasha jenereta tukawaonyesha watoto wenu sinema ya katuni. Tuliwaona na wakubwa wengi wamesimama nyuma, wakijifanya wanapita tu! Basi leo tuizungumze pamoja.

Sinema hiyo ni ya Marekani. Inaitwa The Land Before Time III, na ilitoka mwaka wa 1995. Ni ya tatu katika mfululizo ulioanza 1988, na inahusu watoto watano wa dinosaria. Mtoto mmoja alituuliza kama wanyama hao walikuwa wa kweli. Naam, walikuwako zamani sana. Mifupa ya mmoja mwenye shingo ndefu ilichimbwa Tendaguru, karibu na Lindi huko Tanzania, kati ya 1909 na 1913. Mpaka leo imesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin.

Haya, hadithi yenyewe. Wanyama wanaishi katika bonde lenye rutuba. Mara maji yanapungua. Wakubwa wanaanza kugombana na kulaumiana. Baba yake Cera, yule mwenye pembe, anataka neno lake tu ndilo lifuatwe. Watoto nao wanaiga: Hyp na wenzake wawili wanawaonea wadogo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kumbe maji hayakuibwa na jirani. Nje ya bonde, mawe yameporomoka yakaziba njia yake. Waliogundua ni watoto! Hyp anapozama kwenye lami, wanaomvuta ni wale wale aliowaonea. Mwishowe kizuizi kinavunjika, na maji yanarudi kwa wote.

Jamani, si hadithi hii tunaijua? Tangu mabwawa ya juu yajengwe, hasa Masinga lililokamilika 1981, mafuriko ya msimu hayaji tena kama zamani. Mpunga wa Mpokomo na malisho ya Muorma yalitegemea mafuriko hayo hayo. Maji yalipopungua, sisi huku chini tulimtazama nani? Jirani. Mkulima akasema, ng'ombe wamemaliza mahindi yangu. Mfugaji akasema, malka, njia yangu ya kwenda mtoni, imelimwa. Kila mmoja alikuwa na lake la kweli. Lakini mwaka wa 2012 hadi mwanzo wa 2013, kule Tana Delta, malalamiko yalichochewa na siasa yakaishia kwenye mapanga na bunduki. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na watoto wakiwemo.

Hatusemi mkavunje bwawa la Masinga! Umeme unatoka huko. Tunasema hivi: usimpige jirani kabla hujajua maji yamezuiwa wapi. Mkulima na mfugaji wakienda pamoja kwa wakuu kuuliza habari za maji ya mto, watasikilizwa zaidi kuliko kila mmoja akienda kumshtaki mwenzake. Na malka zipangwe mapema, mvua ikiwapo. Kiangazi kikishaingia, koo limekauka na ng'ombe wanaanguka, nani atamsikiliza mwenzake?

Jana watoto wa pande zote mbili walikaa mkeka mmoja, na Hyp alipovutwa kutoka kwenye lami wakapiga makofi wote. Sisi wakubwa tulitazamana tu.

Sasa kaeni katika vikundi vyenu mzungumze:

1. Katika kijiji chetu, ni nani tunayemlaumu maji yakipungua? Tuna ushahidi gani?

2. Malka zetu ni ngapi, na zipi zimezibwa? Ni nani atakayekwenda kuzungumza na upande wa pili, na lini?

3. Watoto wetu wanatusikia tukisema nini juu ya majirani?

Majibu ya swali la pili yaandikeni na mje nayo mkutano ujao.